Kujenga gari la spoti nyumbani kwa injini ya rotari: mwongozo wa anayeanza

Maswali ni yaleyale kila mara: ninunue injini ipi, chesisi inataka chuma gani, na kwa nini rotari iliyowaka vizuri Jumamosi imekufa Jumatano. Mwongozo huu unajibu kwa gari la aina moja tu: gari dogo la wazi la viti viwili, mtindo ulioanza na Lotus Seven mwaka 1957, lenye chesisi ya paipu za mraba unayochomelea mwenyewe na vyuma vya mwendo kutoka Mazda RX-8 moja iliyogongwa.

Tumechagua RX-8 kwa sababu tatu. Ziliingia za usukani wa kulia kutoka Japani kupitia Mombasa na Dar es Salaam, kwa hiyo zipo. Gari moja linakupa injini, gia boksi, difu, habu na breki. Na bei yake huanguka sana injini ikianza kuchoka au bodi ikipondeka. RX-7, gari la Mazda la rotari lililoitangulia, ni tamu zaidi, lakini leo anayekuwa nayo haiachii kwa bei ya spea.

Nadharia ya kukutosha ni hii. 13B, injini ya rotari ya Mazda iliyomo ndani ya RX-8, ina rota mbili (vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni), kila moja ya sentimita za ujazo 654, jumla 1,308. Rota ikizunguka mara moja, shafti inazunguka mara tatu. Hakuna valvu wala taimingi belti. Kinachofunga mgandamizo ni sili nyembamba za chuma kwenye ncha na ubavu wa rota, na sili hizo zinaishi kwa oili na kwa ubaridi. Karibu kila kifo cha injini hii kinaanzia kwenye joto, kwa hiyo lipange gari lako kuzunguka joto kwanza, nguvu baadaye.

Kabla hujaanza

Nenda kwanza kwenye mamlaka ya usajili (TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya) ukaulize wanataka nini ili gari lililojengwa nyumbani lisajiliwe na kukaguliwa. Omba jibu la maandishi. Walio Uingereza wanapitia ukaguzi wa IVA (idhini ya gari mojamoja), na masharti yake yanagusa hadi kingo za bodi na urefu wa taa, hivyo yasome kabla hujakata chuma. Popote ulipo, usinunue gari la spea lisilo na kadi yake.

Vinavyohitajika:

- RX-8 ya gia za mkono, pamoja na funguo zake, kompyuta ya injini, dashibodi ya mishale na pedeli ya mafuta
- Paipu za mraba za inchi moja (milimita 25), unene wa milimita 1.5 au 1.6: vipande 8 vya mita 6
- Bomba la duara lisilo na mshono, milimita 25 kwa ukuta wa 2.5, kwa mikono ya suspensheni
- Bomba la aina hiyohiyo, milimita 45 kwa ukuta wa 2.5, kwa rolbaa (upinde wa kukukinga gari likipinduka)
- Bamba la milimita 3 kwa mabano yote ya suspensheni na injini
- Mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.8, grenda, drili ya kusimama, vernia, pembe mraba, rula ya chuma ya mita moja
- Spana ya toki, soketi ya milimita 54 kwa nati ya flaiwili, winchi ya injini, stendi nne
- Kipima mgandamizo, geji ya oili ya mshale, geji ya joto la maji yenye namba halisi

Usiamini geji ya paipu kwa maneno ya muuzaji. Paipu nyingi zinazouzwa kama geji 16 ukizipima kwa vernia unakuta milimita 1.2. Pima kila kipande kabla hakijapakiwa.

Hatua

1. Pima injini kabla hujalipa. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Washa injini hadi ipate moto, izime, toa fyuzi ya pampu ya petroli na uchomoe soketi za koili. Toa plagi moja kwenye rota ya mbele na ufunge kipima mgandamizo; plagi nyingine ya rota hiyo ibaki imefungwa. Kanyaga mafuta hadi mwisho, mwenzako apige starta kwa sekunde tano. Rudia kwa rota ya nyuma.

Kipima cha kawaida kinashika pigo kubwa kuliko yote na kukuficha mawili yaliyobaki, na rota ina nyuso tatu. Kwa hiyo baada ya kusoma namba, bonyeza kivalvu cha kipima kiwe wazi na upige starta tena ukitazama mshale. Unataka mapigo matatu yanayolingana: tap-tap-tap. Ukiona mawili marefu na moja fupi, sili moja imeondoka, hata kama namba ya kwanza ilipendeza.

Kwa Renesis, yaani 13B ya RX-8, injini nzuri inatoa karibu kilo 8.5 kwa sentimita mraba, kiwango cha chini ni 6.9, tofauti ya nyuso isizidi 1.5 na ya rota mbili isizidi 1.0. Namba hizo ni za usawa wa bahari, starta ikizungusha mara 250 kwa dakika. Nairobi iko juu na hewa yake ni nyepesi, karibu asilimia 81 ya ile ya Mombasa. Huko injini mpya kabisa itasoma kama 6.9, na ya mpaka wa chini kama 5.6. Watu wamekataa injini nzuri Nairobi, na wengine wamenunua mbovu Dar, kwa kusoma jedwali bila kukumbuka hili. Betri dhaifu nayo inashusha namba, kwa hiyo njoo na yako iliyojaa chaji.

Mtihani wa mwisho hauhitaji kifaa. Injini ikiwa ya moto kabisa, izime, subiri dakika kumi, washa. Ikizungushwa muda mrefu ndipo ikubali, mgandamizo wake umechoka.

2. Nunua gari zima, livue kwa mpangilio. Injini ya mezani inakuja bila funguo, na kompyuta ya RX-8 haiwashi injini bila funguo inayoitambua. Wakati wa kuvua, bandika lebo kila soketi ya umeme na upige picha kabla ya kuchomoa. Toa waya zote zikiwa mkungu mmoja; usizikate hata moja siku hiyo.

3. Amua: kufungua injini au kuiacha. Mgandamizo ukiwa mzuri na maji hayapungui, iache. Ukifungua, vipimo ni hivi: bamba za pembeni zisipinde zaidi ya milimita 0.04, uchakavu wa ngazi kwenye bamba usizidi 0.10, nafasi kati ya sili ya ubavu na sili ya kona iwe 0.05 hadi 0.15, unaipata kwa kupiga tupa kidogokidogo upande mmoja wa sili. Mchezo wa shafti mbele na nyuma uwe 0.04 hadi 0.07. Kromu ya hauzingi (ganda ambamo rota inazunguka) ikibanduka karibu na matundu ya plagi, hauzingi hiyo haifai, na hakuna sili mpya itakayoiokoa. Badilisha oringi zote za maji. Za zamani hazirudishwi hata zikionekana nzima.

Uzito wa rota unatofautiana kati ya matoleo, na kaunta weti (uzito wa kusawazisha mzunguko) lazima ilingane na rota zake. Usichanganye rota za injini moja na kaunta weti ya nyingine. Ukipata injini ya gari la otomatiki na unataka kuweka klachi, flaiwili yake iendane na rota hizo, vinginevyo mtetemo utaua beringi.

4. Tengeneza meza, kisha chora. Chesisi iliyojengwa sakafuni inatoka imepinda. Tumia ubao wa milimita 18 juu ya fremu iliyosawazishwa kwa maji, chora mstari wa katikati, na pima kila kitu kutoka kwenye mstari huo. Urefu kati ya ekseli uwe kama milimita 2,350 hadi 2,400. RX-8 yenyewe ni 2,700. Injini ya 13B ni fupi sana, kwa hiyo unaweza kuiweka yote nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele. Tumia nafasi hiyo: ndiyo faida kubwa ya rotari kwenye gari dogo, na wengi wanaipoteza kwa kuisogeza mbele ili wapate nafasi ya miguu.

Kabla ya kukata, weka injini na gia boksi kwenye meza juu ya mbao, keti kwenye kiti chako, shika gia. Hapo ndipo utajua handaki la katikati linapita wapi.

5. Chomelea kwa nukta kwanza. Kata paipu zote za sakafu, ziungane bila mwanya unaozidi milimita moja, piga nukta tu kila kona. Pima diagonali mbili: zisitofautiane zaidi ya milimita 2. Simamisha nguzo, funga juu, weka mishazari, pima tena. Chesisi nzima ikiwa imesimama kwa nukta, weka injini, gia boksi na difu ndani, hakikisha vinaingia na kutoka, ndipo uchomelee kabisa. Ruka kutoka kona moja kwenda ya mbali. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, chuma kitavuta chesisi iwe ndizi.

Fimbo za kuchomelea za milimita 2.5 zinatoboa paipu hii. Kama huna MIG, mlipe fundi mwenye nayo kwa siku mbili, wewe ukifanya kazi ya kukata na kupiga nukta. Kata pia vipande vya majaribio, vichomelee, uvipige nyundo hadi vivunjike: paipu ikatike yenyewe, si mshono. Usijaribu kupunguza gharama kwa bomba la maji kwenye mikono ya suspensheni.

6. Shika difu kwa pua yake. Kwenye RX-8 difu inashikwa na fremu ndefu inayotoka gia boksi. Ukifupisha gari, fremu hiyo haitumiki tena, na difu inabaki na bolti za nyuma tu. Ukikanyaga, pua inanyanyuka, propela inapiga handaki, na mabano yanapasuka. Tengeneza bano la pua lenye bushi mbili, la bamba la milimita 5, lililofungwa kwenye paipu za kuvuka chesisi. Gia boksi nayo sasa inahitaji mkono wake wa nyuma.

Propela ifupishwe na karakana yenye mashine ya kubalansi. Injini hii inafika karibu mizunguko 9,000 kwa dakika, na gia ya sita ya RX-8 (0.843) inaizungusha propela haraka kuliko injini yenyewe. Pima urefu gari likiwa limekaa kwenye kimo chake, acha milimita 20 za kuteleza, na mhimili wa gia boksi na wa difu uwe sambamba.

7. Suspensheni, steringi, breki. Tumia habu na nako (vyuma vinavyoshika habu) za RX-8, tengeneza mikono mipya. Bolti zote ziwe 8.8 na nati zenye nailoni, na kila bolti ipite kwenye mabamba mawili. Bolti inayoning'inia upande mmoja itapinda. Raki ya umeme ya RX-8 ni nzito kuliko inavyohitajika kwa gari la kilo 700. Tafuta raki ya mkono ya gari dogo. Iweke upande uleule ambao mkono wa nako unaelekea, la sivyo ukikata kulia gari litakwenda kushoto. Viungo vya ndani vya raki vikae kwenye mstari wa bolti za ndani za mikono ya suspensheni, vinginevyo kila shimo la barabara litakupiga steringi.

Breki ziwe mikondo miwili, mbele na nyuma, kila mmoja na silinda kuu yake. Bila busta, chagua silinda ya inchi 5/8 hadi 3/4 na pedeli ya uwiano wa 5 kwa 1 au 6 kwa 1. Silinda kubwa zaidi inafanya pedeli kuwa ngumu kama ukuta na gari halisimami.

8. Maji na oili. Hatua hii isiharakishwe. Oili ya rotari inapoza rota kwa ndani na kubeba karibu theluthi ya joto lote, kwa hiyo kipoza oili si pambo. RX-8 za gia sita zina vipoza viwili; weka vyote, kila kimoja kikiwa na njia yake ya hewa kuingia *na kutoka*. Kipoza kilichofungwa mbele ya ukuta usio na tundu hakipozi chochote.

Radieta iinamishwe ikibidi, lakini ziba pembeni zote kwa bati ili hewa isiwe na njia nyingine ila kupita ndani yake. Pua ya gari hili iko chini, kwa hiyo weka tanki la maji juu ya sehemu ya juu kabisa ya injini, na kibomba cha kutolea hewa kutoka hapo. Bila hivyo hewa inabaki ndani, na geji inasoma baridi huku injini inachemka. Feni iwashwe kwenye nyuzi 90.

Usitoe themostati. Mafundi wetu wengi wanaitoa kwa mazoea ya nchi ya joto. Kwenye 13B za RX-7, themostati inapofunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye radieta, na inachemka zaidi. Kwenye RX-8 pia iache.

Weka vigawio ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Gari jepesi lenye matairi mazuri linakata kona kwa nguvu, oili inakimbilia ubavuni, na pampu inavuta hewa.

9. Eksozi. Moshi wa rotari unatoka wa moto kuliko wa injini ya pistoni. Tumia chuma kisichoshika kutu, aina ya 304, ukuta wa milimita 2. Renesis ina matundu matatu ya eksozi, na la katikati linahudumia rota zote mbili, ndilo linalopata moto zaidi: hapo ndipo mishono hupasuka kwanza, kwa hiyo acha kiungo kinachoweza kucheza kabla ya sailensa. Sailensa ziwe mbili mfululizo. Iliyojazwa pamba ya kioo inaungua mapema. Ingizo la hewa na eksozi viko ubavu mmoja wa injini, plagi ubavu wa pili. Pitisha bomba la petroli na la breki upande wa plagi, na shafti ya steringi uipe ngao ya bati mbili.

10. Petroli, oili ya kuchanganya na umeme. Njia rahisi kwa anayeanza ni kubaki na kompyuta ya RX-8 pamoja na funguo, dashibodi na pedeli yake ya umeme. Hapo pampu ya kupima oili, inayoingiza oili kidogokidogo ndani ya injini kwa ajili ya sili, inaendelea kufanya kazi. Ongeza mililita 5 za oili ya tustroki kwa kila lita ya petroli. Ukiweka kompyuta ya kununua isiyoweza kuendesha pampu hiyo, ziba njia zake na uchanganye mililita 10 kwa lita, kila unapojaza, bila kusahau hata mara moja.

Badilisha koili nne, plagi nne na waya zake kabla ya kuwasha. Koili za RX-8 huchoka mapema. Plagi za NGK ni RE7C-L kwa tundu la chini na RE9B-T kwa la juu, usizibadilishane.

11. Washa mara ya kwanza. Jaza oili ya 10W-40 au 20W-50. Mfumo mkavu wenye vipoza viwili unameza lita 6 hadi 7, kipimo cha mwisho ni dipstiki. Toa fyuzi ya petroli, piga starta kwa vipindi vya sekunde kumi hadi geji ya oili inyanyuke. Rudisha fyuzi, washa, na iache ipate moto kamili. Usiizime ikiwa ya baridi, hata kwa kuisogeza mita mbili. Fuatilia maji, kaza bolti za eksozi ikishapoa, angalia uvujaji.

Injini iliyofunguliwa iendeshwe chini ya mizunguko 4,000 kwa kilomita 1,000 za mwanzo, na oili ibadilishwe ukifika 500.

12. Bodi. Alumini ya milimita 1.2 kwa mbavu, na ribiti kila sentimita 5. Rolbaa na mabano ya mikanda yachomelewe kabla ya bati, si baada.

Ikisumbua

*Starta inazunguka kwa wepesi, haiwaki, inanuka petroli.* Imefurika. Kanyaga mafuta hadi mwisho na upige starta sekunde kumi. Kompyuta inakata petroli. Ikikataa, toa fyuzi ya pampu na plagi zote, zungusha hadi mvuke uishe, weka kijiko cha oili kila rota, rudisha plagi zikiwa kavu.

*Inawaka ya baridi, inakataa ya moto.* Mgandamizo. Starta mpya yenye nguvu itakusogeza miezi kadhaa, lakini anza kuweka pesa za sili.

*Moshi mweupe asubuhi, maji yanapungua, tanki linatoa mapovu.* Oringi ya maji imekufa. Hakuna dawa ya kumimina inayoiponya, injini inafunguliwa.

*Geji ya maji inapanda kwa kasi kubwa, inashuka ukiwa foleni.* Hewa inaipita radieta kando. Ziba mianya, kisha tafuta njia ya hewa kutoka nyuma ya injini.

*Inapanda foleni, inashuka barabarani.* Feni: angalia inazunguka upande upi, rilei, na kipimo cha kuwashia.

*Inakohoa juu ya mizunguko 5,000 na eksozi inawaka nyekundu.* Koili moja haitoi cheche na petroli inaungulia nje. Simama hapohapo. Ukiendelea, unachoma katalaiza, eksozi inaziba, na joto linarudi kwenye sili.

*Mlio wa kugonga nyuma ukiachia klachi.* Bano la pua la difu. Ingia chini ya gari na tochi kabla ya safari inayofuata.